Tuta, Kibao na Tochi: Mjadala wa Mwendo wa Magari Mitaani

Barabara ya mtaa ikishawekwa lami, mwendo wa magari hubadilika ndani ya siku chache. Palipokuwa na mashimo na vumbi, gari lilienda polepole kwa sababu halikuwa na namna nyingine. Lami laini, pana na iliyonyooka humwondolea dereva kizuizi hicho bila kumwekea kingine. Dar es Salaam imeyaona hayo katika mitaa mingi, hasa tangu mwaka 2015, ulipoanza Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, uliojenga kwa lami barabara nyingi za ndani katika Kinondoni, Ilala na Temeke. Nyumba ni zilezile, milango yake bado inatazama barabara, na watoto wanavuka kwenda shuleni na dukani kama zamani. Lakini gari lililokuwa likipita kwa mwendo wa baiskeli sasa linaweza kupita kwa kilomita 60 au 70 kwa saa.

Hapo ndipo mjadala unapoanza. Huendeshwa katika mikutano ya serikali za mitaa, kwenye vijiwe vya bodaboda, ndani ya daladala na katika ofisi za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Wasemaji wake hutajwa hapa kwa kazi zao tu, kwa kuwa kila mmoja anabeba hoja ya kundi zima: mkazi mwenye nyumba kando ya barabara, dereva wa daladala, kijana wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, askari wa usalama barabarani na mhandisi. Wote wanakubali kwamba watu wasife. Wanachogombania ni kitu gani hasa hupunguza mwendo, na nani aubebe usumbufu wake.

Dereva ndiye huanza, naye huanza kwa kujitetea. "Tatizo si mwendo," husema. "Tatizo ni dereva asiyejua kazi. Mimi breki zangu nzima, macho yangu mbele, na barabara hii naijua. Mkinilazimisha kutambaa, mtakuwa mnaniadhibu mimi kwa makosa ya mwingine."

Mhandisi hashindani naye kuhusu ustadi. Humwekea hesabu mezani. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husafiri kama mita 8 kila sekunde, na la kilomita 50 husafiri karibu mita 14. Dereva makini huhitaji sekunde moja na nusu hivi kuona hatari, kuitambua na kufikisha mguu kwenye breki. Katika muda huo gari la 30 limekula mita 12 na nusu, na la 50 limekula mita 21, yote mawili yakiwa hayajaanza kupunguza mwendo. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na kwa tairi nzuri, la 30 huhitaji mita 5 nyingine kusimama, na la 50 huhitaji mita 14. Jumla ni mita 17 na nusu kwa la kwanza na mita 35 kwa la pili. Gari likiwa na kilomita 70 kwa saa, jumla hufika mita 56, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

"Sasa kaka," huendelea mhandisi, "chukua mtoto aliyetokea nyuma ya bajaji iliyoegeshwa, mita 18 mbele yako. Ukiwa na 30, umesimama kabla ya kumfikia. Ukiwa na 50, gari lako halijaanza hata kupunguza mwendo. Utamgonga kwa 50 ileile, na breki zako zikiwa nzima."

Hesabu hii ndiyo msingi wa mjadala mzima, na inafaa kukaa nayo kidogo, kwa sababu wengi hudhani kwamba tofauti ya kilomita 20 kwa saa ni ndogo. Nishati ya mgongano haipandi sambamba na mwendo, hupanda kwa mraba wake. Shirika la Afya Duniani, WHO, hueleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali inayoua huongezeka kwa takribani asilimia 4, na kwamba hatari ya kufa kwa anayegongwa akitembea huongezeka mara nne na nusu gari linapotoka kilomita 50 hadi 65. Mchanga uliomwagika juu ya lami, tairi zilizokwisha na daladala iliyojaza abiria hadi mlangoni huyafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri kati ya miaka 5 na 29. Tangu mwaka 2010 vifo hivyo vilipungua duniani kwa asilimia 5. Barani Afrika viliongezeka kwa asilimia 17.

Dereva wa daladala ana hoja ya pili iliyo nzito kuliko ya kwanza, nayo ni hesabu ya tajiri. Kila jioni mwenye gari anataka fedha yake kamili. Mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva, kondakta anasubiri chake, na kinachobaki ndicho kinacholisha nyumba ya dereva. Kila dakika inayopotea ni abiria waliochukuliwa na gari la nyuma. Mwenzake wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba yuko katika shinikizo hilohilo.

"Mama," humwambia mkazi, "wewe unaona gari linakimbia. Mimi naona siku inakwisha na hesabu haijatimia."

Hoja hiyo haifai kudharauliwa, ila inafaa kupimwa. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 huchukua sekunde 72, na kwa mwendo wa 30 huchukua sekunde 120, tofauti ya sekunde 48. Hizo ni sekunde za mahali ambapo gari lingeenda 50 mfululizo bila kusimama, jambo lisilotokea kwenye barabara ya mtaa yenye vituo, makutano na mikokoteni. Gari linalofika 70 kati ya kituo na kituo huenda kusubiri kwenye foleni ileile ya kuingia barabara kuu, nyuma ya gari lililokwenda 40. Sehemu kubwa ya muda anaoukimbilia dereva haipatikani kwa kukimbia. Na shinikizo la hesabu ni jambo la mkataba kati ya dereva na tajiri. Mtoto anayevuka hana sehemu katika mkataba huo, na si haki alipe deni lake.

Askari wa usalama barabarani huingia kwa kukumbusha kwamba sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo yenye makazi. Dereva anayezidisha hupigwa tochi, kama wanavyokiita madereva kifaa cha kupimia mwendo, na kulipishwa faini. "Tusitunge vitu vipya wakati vya zamani havijafuatwa," husema askari. "Wekeni kibao, mtuite."

"Afande," hujibu mkazi, "kibao kipo. Kimeinama kwa kugongwa na gari, lakini kipo. Na nyinyi mkija mnakaa saa mbili, mkiondoka hali inarudi palepale."

Mkazi anaeleza hapa jambo ambalo wahandisi wa nchi nyingi wamelithibitisha. Dereva huchagua mwendo kwa kusoma barabara yenyewe, upana wake, unyoofu wake na umbali anaouona mbele. Kibao cha 50 au hata cha 30 kwenye barabara iliyojengwa kama uwanja wa kukimbilia hubadilisha mwendo kidogo sana. Tochi nayo hufanya kazi mahali aliposimama askari na kwa muda aliosimama. Madereva huambiana kwa kuwashiana taa, hupunguza mwendo kwa mita mia mbili, kisha huurudia mwendo wao. Askari ni wachache na kwa desturi hupangwa kwenye barabara kuu, ambako magari ni mengi na ajali za mabasi hutikisa taifa. Barabara ya ndani ya Tandale au Mbagala haitapata askari wa kudumu, na haitakuwa haki kumlaumu kamanda kwa hilo.

Kamera zinazopiga picha zenyewe zimefanya kazi nzuri mahali pengine. Kigali wamezifunga barabarani, na madereva wamezibatiza jina la Sofia. Faida yake ni kwamba kamera haimwonei mtu haya wala haiingii kwenye mazungumzo ya pembeni. Lakini kamera ni ghali, inahitaji umeme, mtandao na namba za magari zinazosomeka, na bodaboda nyingi namba zake hazisomeki. Ni dawa ya barabara kuu.

Vidhibiti mwendo navyo hutajwa. Kenya ilivilazimisha kwenye matatu, yaani daladala za huko, mwaka 2004, kwa kanuni zilizopewa jina la waziri John Michuki, na kikomo chake kilikuwa kilomita 80 kwa saa. Kwa safari ya Nairobi hadi Nakuru hilo lina maana. Kwa barabara inayopita mbele ya shule, gari lililofungwa kwenye 80 ni gari huru kabisa.

Kisha husimama mtu ambaye hakosekani katika mkutano wowote, na kusema kwamba watembea kwa miguu wenyewe hawajui kuvuka, kwamba watoto wanacheza barabarani, na kwamba dawa ni elimu. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayefaa kumjibu, kwa sababu elimu hiyo huitoa yeye.

"Mzee wangu, tunawafundisha," husema. "Kushoto, kulia, kushoto tena. Wanaijua kama wimbo. Lakini mtoto wa darasa la pili hana macho ya kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Anaona gari liko mbali, basi anavuka. Na kwa kimo chake haoni juu ya gari lililoegeshwa, wala dereva hamwoni yeye."

Mwalimu yuko sahihi. Uwezo wa kupima kasi ya kitu kinachokuja moja kwa moja hukua pamoja na umri, na mtoto mdogo bado hana. Mafunzo yana faida yake, lakini mpango unaotegemea kwamba mtoto wa miaka saba hatakosea hata mara moja katika mamia ya mara anazovuka kwa mwaka ni mpango uliokwishakubali kwamba baadhi ya watoto watagongwa. Mtu mzima naye hukosea, akiwa na mzigo kichwani, mvua inanyesha, au akiwahi daladala ya mwisho.

Dar es Salaam yenyewe ina ushahidi wa njia nyingine. Shirika la Amend lilianzisha hapa mpango uitwao SARSAI wa kurekebisha mazingira ya barabara kuzunguka shule za msingi. Hujenga njia za waenda kwa miguu, vivuko vya zebra, matuta na vizuizi vya kuzuia magari kupanda pembeni. Penye nafasi, hata lango la shule huhamishwa kutoka barabara yenye magari mengi kwenda upande wa kimya. Tathmini zilionyesha kwamba idadi ya watoto wanaoumia ilishuka kwa angalau asilimia 26, na mwendo wa magari ulipungua kwa hadi asilimia 60 katika baadhi ya maeneo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata Tuzo ya Ross ya miji kutoka taasisi ya World Resources Institute ya Marekani. Haukuhitaji teknolojia ngeni. Ulitumia saruji, lami, rangi na fundi anayejua kusoma mchoro.

Basi mjadala hufika kwenye tuta, na sauti hupanda.

Dereva ana orodha ndefu. Matuta yanaua shokapu na bushi, yanakwaruza gari la chini, yanakula mafuta kwa sababu kila baada ya tuta lazima aanze na gia ndogo. Abiria mwenye mgongo mbovu anaumia, mama mjamzito aliyekaa kiti cha nyuma anarushwa. Kijana wa bodaboda huongeza lake: tuta lisilo na rangi wala kibao, usiku, halionekani mpaka tairi la mbele limelifikia. Mwingine huuliza habari ya gari la wagonjwa na la zimamoto. Mhudumu wa afya husema kwamba mgonjwa aliyevunjika nyonga huhisi kila tuta.

Malalamiko haya karibu yote ni ya kweli, na karibu yote yanahusu tuta baya. Jambo hili hupotea mara kwa mara katika mjadala, kana kwamba tuta ni kitu kimoja. Tuta linaloonekana mitaani mara nyingi ni fupi na la ghafla, upana wake haufiki hata mita moja, limekwenda juu kama ukuta mdogo. Hulazimisha gari karibu kusimama, na bado halitimizi kazi yake vizuri, kwa kuwa gari kubwa lenye springi laini likilivuka kwa kasi mshtuko humezwa na springi, na dereva aliyezoea hujua hilo. Anayepigika zaidi ni mwenye gari dogo aliyekuja taratibu.

Tuta lililofanyiwa utafiti ni kitu kingine. Mapema miaka ya 1970 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilijaribu maumbo mengi na kufikia tuta la mviringo lenye upana wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa safari na kimo cha sentimita 10. Baadaye ilionekana kwamba hata kimo cha sentimita 7 na nusu kinatosha, na hupunguza maumivu ya abiria. Gari linalolipita kwa mwendo wa 25 au 30 hupanda na kushuka bila kishindo, na linalolipita kwa 50 hurushwa kiasi cha kumkera dereva bila kuvunja kitu. Hivyo adhabu humfuata anayekimbia. Tuta fupi huwaadhibu wote sawasawa, na ndiyo maana linachukiwa na wote.

Nafasi kati ya tuta na tuta ina uzito uleule. Tuta moja pekee katikati ya barabara ndefu huzaa breki kali na kisha kukanyaga mafuta kwa hasira. Ili mwendo ubaki karibu na 30, matuta yapangwe kwa umbali usiozidi mita 100 hivi, ili dereva asione faida ya kuongeza kasi katikati. Kibao kitangulie, rangi ipakwe na irudiwe inapofifia, na taa ya mtaa iwe jirani. Mkandarasi anayejenga tuta na kuondoka bila kulipaka rangi amemwachia dereva wa pikipiki mtego. Mvua za masika nazo zihesabiwe: tuta linaloziba njia ya maji hutengeneza bwawa, na bwawa hula lami. Mafundi wengi hukwepa hilo kwa kuacha mwanya pembeni. Mwanya huo huwa njia ya bodaboda, zinazopita bila kupunguza mwendo, tena ukingoni kabisa walipo watembea kwa miguu. Suluhisho ni kupitisha maji chini kwa bomba, au kusimamisha nguzo fupi kwenye mwanya.

Kuhusu gari la wagonjwa, vipimo vilivyofanywa na idara ya zimamoto ya Portland, Marekani, miaka ya 1990 vilionyesha ucheleweshaji usiozidi sekunde 10 kwa tuta, na mara nyingi chini ya hapo. Matuta kumi huweza kufikisha dakika moja na nusu, nayo si kidogo kwa mgonjwa mahututi. Kwa barabara inayokwenda hospitali lipo tuta la vipande, lililogawanywa ili magari yenye ekseli pana yapitishe tairi pande mbili za kipande, huku gari dogo likilazimika kupanda.

Rasta, ile mistari ya kukwaruza inayopangwa kwa mafungu, hutajwa mara nyingi kama badala ya tuta. Zina rekodi nzuri kwenye barabara kuu. Kwenye makutano ya Suhum, katika barabara ya Accra hadi Kumasi nchini Ghana, kuwekwa kwa rasta kulipunguza ajali kwa takribani theluthi moja na vifo kwa zaidi ya nusu. Lakini rasta huamsha dereva kwa kelele, na kelele hiyo usiku kucha mbele ya dirisha la chumba cha kulala haivumiliki. Mahali pake ni pale barabara kuu inapoingia mjini, kumwonya dereva kwamba amefika kwenye watu.

Mkazi husikiliza yote hayo kisha huuliza swali ambalo huwanyamazisha wengine. "Mhandisi, maelezo yako mazuri. Mbona tuta letu tulilipata baada ya kumzika mtoto?"

Kila anayeishi Tanzania anaujua mwenendo huo. Mtoto hugongwa, wananchi hufunga barabara kwa mawe na magogo, polisi huja, kiongozi huahidi, na tuta huja baadaye kidogo. Wasipoahidiwa, wananchi huchimba udongo na kumwaga zege wenyewe usiku. Kisheria hawana ruhusa ya kujenga chochote juu ya barabara ya umma, na matuta yao ni hatari kwa anayekuja gizani bila habari. Askari na mhandisi husema hivyo, na wako sahihi. Lakini kuwashutumu wananchi bila kutaja kilichowafikisha hapo ni kusema nusu ya ukweli. Waliomba kwa barua na mkutanoni. Barabara ilichorwa, ikagharamiwa, ikajengwa na kukabidhiwa, na katika hatua zote hizo hakuna aliyeuliza magari yatapita hapa kwa mwendo gani.

Hapa ndipo mjadala unapopaswa kupanuka kupita tuta. Barabara yenyewe ikichorwa vizuri, matuta huhitajika machache. Upana wa lami ndio wa kwanza. Njia ya mita 3 hupitisha gari lolote la mtaani, daladala ikiwemo, na kila nyongeza ya upana humpa dereva ujasiri wa kukimbia. Sentimita zinazookolewa hapo hujenga njia ya watembea kwa miguu, iliyoinuliwa ili gari lisiifanye maegesho. Kona za makutano zikiwa kali, gari hulazimika kukata mwendo linapogeuka. Kipilefti kidogo kwenye makutano ya mitaa miwili humfanya kila dereva apunguze, hata yule anayejiona ana haki ya kupita kwanza. Zebra ikiinuliwa hadi usawa wa njia ya watembea kwa miguu, na kuwa tuta pana lenye kichwa bapa, hufanya kazi mbili kwa gharama ya moja, na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu huvuka bila kushuka wala kupanda. Kwa shule, soko na zahanati hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote vilivyotajwa, na inasikitisha kwamba bado ni adimu.

Uholanzi hutajwa sana katika habari hizi, na mara nyingi husemwa kwamba ni nchi ya watu wenye nidhamu, haiwezi kuwa mfano. Historia yake haisemi hivyo. Mapema miaka ya 1970 magari yalikuwa yakiua huko zaidi ya watu 3,000 kwa mwaka, mamia yao wakiwa watoto. Wazazi walifunga barabara na kuandamana chini ya jina la Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Tayari mji wa Delft ulikuwa umeanza kubadilisha mitaa yake ili magari yalazimike kwenda polepole kati ya miti, maegesho na watoto wanaocheza, na mwaka 1976 serikali iliitambua mitaa ya namna hiyo kisheria. Mji wa Graz, nchini Austria, uliweka kikomo cha kilomita 30 kwenye mitaa yake yote ya makazi mwaka 1992. Mwezi Februari 2020, mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi waliokutana Stockholm walikubaliana kwamba mahali magari na watu wanapochanganyika, kikomo kiwe kilomita 30. Kwa kipimo hicho, 50 ya sheria ya 1973 ni kubwa mno kwa mtaa wenye shule, na mabadiliko ya kikomo yanahitajika pamoja na mabadiliko ya barabara.

Mwenye duka ana wasiwasi wa mwisho: magari yakipunguzwa mwendo, wateja watapita barabara nyingine. Baadhi yatapita kweli, hasa yale yanayoutumia mtaa kama njia ya mkato kukwepa foleni, na hayo hayakuwa wateja wake. Anayenunua dukani ni jirani anayefika kwa miguu, na jirani huyo huvuka kwa urahisi zaidi magari yanapokwenda polepole. Hofu iliyo na msingi ni nyingine, kwamba mwendo ukipunguzwa mtaa mmoja, wakimbiaji watahamia mtaa wa pili usio na tuta. Kwa sababu hiyo kazi ipangwe kwa eneo zima, kata kwa kata. Kugawa matuta kwa mtaa uliopiga kelele zaidi, au wenye mkazi mwenye simu ya mkubwa, huhamisha hatari tu.

Ukizipima sauti zote, dereva anastahili tuta lililojengwa kwa kipimo, lenye rangi na kibao. Bodaboda anastahili taa. Askari anastahili barabara isiyomhitaji asimame juani kutwa. Lakini katika swali kuu, la kama magari yalazimishwe kwenda polepole kwa umbo la barabara, mkazi na mwalimu wana haki, na hesabu ya mita 18 inawaunga mkono. Kibao kinafuatwa na anayetaka, tochi inafanya kazi kwa zamu, tuta na zebra iliyoinuliwa vipo usiku na mchana.

Wananchi wa mtaa unaosubiri lami wasingoje ikauke. Mchoro wa barabara uombwe kupitia mwenyekiti wa mtaa na diwani kabla mkandarasi hajaleta mitambo, usomwe mkutanoni, na maswali yaulizwe hapohapo: njia ya watembea kwa miguu iko wapi, watoto wa shule watavukia wapi, na magari yatapita kwa mwendo gani. Mabadiliko kwenye karatasi hugharimu kidogo sana kuliko kubomoa lami iliyokwishamwagwa. Mchoro usiojibu maswali hayo matatu urudishwe kwa aliyeuchora.